Mwanaume wa Gredi ya Sita

Chwele, Bungoma
Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Kwa Bw. Wahome Gathii,

Salamu. Hatujuani. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Sita katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko la Chwele. Barua hii unaletewa na Mbogo, yule dereva wa pikapu anayekuja kwetu siku za soko, Jumatatu na Alhamisi, kununua vitunguu, na kurudi Kitale akiwa amepakia watu juu ya vitunguu hivyo. Ni yeye aliyeniambia kwamba mwanafunzi ninayemtafuta alimshusha langoni kwako.

Mwanafunzi huyo anaitwa Wangila Mukhwana. Hajaonekana darasani tangu Ijumaa, tarehe 20 Septemba. Mama yake, Agneta, anasema amekwenda kuvuna mahindi. Baba yake, Jotham, anasema vivyo hivyo, ila yeye huyasema akiwa amesimama wima kama mtu anayetangaza cheo. Nilipowauliza atarudi lini, mama aliangalia chini. Baba akasema mwanaume hurudi akimaliza kazi.

Huyo mwanaume ana miaka kumi na miwili. Mtihani wa kitaifa wa Gredi ya Sita unaanza Jumatatu tarehe 28 mwezi huu na kumalizika Jumatano, na jina lake limesajiliwa. Nimefundisha hapa miaka kumi na tisa. Mvulana anayekosa mtihani huu kwa sababu ya kazi, shule huwa imemwishia. Sijaona hata mmoja akirudi.

Naomba umrudishe.

Phelista Nakhumicha
Mwalimu

*

Kitale
Jumatano, 9 Oktoba 2024

Kwa Mwalimu Phelista,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu nilikuwa karani wa ghala la nafaka miaka thelathini na mmoja na sijazoea kuzungumza mambo ya maana kwa simu. Tena wakati wa mavuno simu yangu huizima. Nikiiwasha, kila anayetafuta kibarua kati ya hapa na Suam ananipigia.

Mwalimu, mimi sijaajiri mtoto maishani mwangu. Ni mzee wa kanisa, waulize majirani. Kila mtu anayeshuka kwenye pikapu ya Mbogo namwuliza maswali mawili kabla hajashika panga. La kwanza, umetahiriwa? La pili, baba yako anajua uko hapa? Nimeuliza hivyo tangu nilipohamia hapa kutoka Nyeri mwaka wa 1983. Anayesema hapana kwa mojawapo anapewa chai na kurudi alikotoka.

Wangila alijibu ndiyo kwa yote mawili, na wenzake wa Bungoma wakamshuhudia. Walikuwepo Agosti alipotahiriwa, wakacheza. Hakunidanganya. Ni mfanyakazi mzuri, hukata mstari wake bila kuangalia wa jirani, na anakula kwangu mara tatu kwa siku. Mimi nilipotoka jandoni, baba yangu alinipa panga kabla hata sijapona vizuri. Hakuna mwalimu aliyemwandikia.

Umri ni kitu cha karatasi, na karatasi nazijua zinavyojazwa. Hata hivyo nimemwita kijana, nimempa kalamu, nikamwambia akujibu mwenyewe. Alichoandika sikukisoma.

Wahome Gathii

*

(ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Kwa mwalimu wangu mpendwa,

Salamu sana. Natumai u buheri wa afya. Mimi pia niko buheri wa afya. Dhumuni ya barua hii ni kukujulisha ya kwamba sikupotea. Niko kazi.

Hapa tuko watu kumi na nane. Tunakata mahindi, tunasimamisha mabua, yakikauka tunavunja. Shamba iko kubwa, ukisimama huku huoni mwisho. Asubuhi kuna umande na majani inakata mikono lakini ukizoea ni sawa tu. Nalala na vijana wawili wa Kimilili. Hata wao walitahiriwa Agosti kama mimi. Mzee ni mkali lakini si mbaya.

Mwalimu usikasirike. Si wewe mwenyewe ulisimama mbele ya darasa ukasema hakuna mtu ataita Wangila mtoto tena? Ukatoa jina yangu kwa orodha ya kufagia. Ukanipatia kiti ya nyuma peke yangu. Nikikaa pale naona migongo ya watoto wote na hakuna mwenye anageuka kuniongelesha. Halafu ile siku ya hesabu ya sehemu nilishindwa, ukasema ati mwanaume mzima anashindwa na robo tatu. Walicheka sana. Hata Judy alicheka na yeye hajui sehemu.

Sasa mwanaume anafanya nini Gredi ya Sita? Kwa mama siwezi kukaa jikoni tena. Kwa kibanda ya vijana nilikuwa na ndugu yangu Wanyonyi lakini yeye ameenda Bungoma kwa kazi ya bodaboda. Nilikuwa nalala peke yangu na panya. Hapa kuna watu.

Mwambie mama nakula vizuri. Na usisahihishe makosa na kalamu nyekundu.

Ni mimi,
Wangila Mukhwana

*

Chwele
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Kwa Mzee Gathii,

Nakutumia nakala ya cheti cha kuzaliwa cha Wangila. Ni karatasi, kama unavyosema, lakini siku alipozaliwa nilikuwepo. Mama yake ni jirani yangu na mvua ilikuwa imemfungia kwangu.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana naona unatumia kipimo kile kile kinachotumika kwetu na unakiamini zaidi yetu. Kwetu tohara ni mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, na mvulana hapelekwi. Huomba mwenyewe. Hushika njuga, akakimbia kwa shangazi na wajomba akiwaalika. Zamu ya mwaka huu ilikuwa ya Wanyonyi, ambaye ana miaka kumi na saba. Wangila alichukua njuga za kakake siku ya pili, akakimbia nazo njia nzima hadi kwa mjomba wake Kimilili, na hakuna aliyemkimbiza. Jotham akaona sherehe imeshapikwa, watu wameshaalikwa, na kungoja mwaka mwingine ni kupika tena. Wakasimama wawili mbele ya ngariba, mmoja akifika begani kwa mwingine. Nilikuwepo, nikapiga vigelegele. Nilimpa kuku.

Kwa hiyo alikujibu kweli. Ametahiriwa na baba yake anajua. Lakini wewe uliuliza maswali ya mvulana wa miaka kumi na saba, ukamchukua wa kumi na miwili.

Mambo aliyoniandikia kuhusu darasa ni kati yangu na yeye.

Awe hapa kufikia Jumamosi tarehe 19, tafadhali, ili apate wiki moja ya kufanya marudio.

Phelista Nakhumicha

*

Kitale
Jumatano, 16 Oktoba 2024

Kwa Mwalimu Phelista,

Cheti nimekiona. Tarehe 3 Februari 2012. Nina koti la mvua lenye umri mkubwa kuliko huyo.

Mimi si mtu wa kubembelezwa. Nikionyeshwa kosa hulirekebisha siku hiyo hiyo. Leo asubuhi kabla ya kazi kuanza nimewapanga wafanyakazi wote na nimemwondoa mbele yao, ili kila mtu ajue sheria ya shamba hili. Nimempa haki yake yote pamoja na nauli. Atakuwa kwenu kabla ya barua hii kufika.

Nadhani jambo hili limekwisha, na kwamba sasa utawaambia watu wa Chwele kwamba Wahome Gathii haajiri watoto.

Wako,
W. Gathii

*

Chwele
Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Kwa Mzee Gathii,

Barua yako ilifika Alhamisi. Wangila hakufika.

Nilidhani amepitia kwa mjomba. Ijumaa ikapita, na Jumamosi, na Jumapili. Agneta amekwenda Kimilili kwa miguu na kurudi, na hakuna aliyemwona. Jotham hakwenda kokote. Anasema mwanaume amekwenda na mwanaume atarudi, lakini ameyasema akiwa ameketi.

Imebaki wiki moja kamili.

Ulimwambia nini mbele ya hao watu? Nakuomba uniandikie maneno yenyewe, si maana yake.

Phelista Nakhumicha

*

Kitale
Jumatano, 23 Oktoba 2024

Kwa Mwalimu Phelista,

Maneno yenyewe ni haya. Nilisema, "Huyu si mwanaume. Huyu ni kihii. Nenda kwa mama yako ukanyonye."

Kihii ni jina ambalo sisi humwita mvulana ambaye hajatahiriwa. Nadhani kwenu mnasema omusinde. Kwetu na kwenu ni tusi moja, na kumwambia hivyo mtu aliyekwisha kutahiriwa ni kumvua nguo mbele ya watu. Wafanyakazi wangu wengi wa Bungoma hawajui Kikuyu, lakini neno hilo wanalijua. Walicheka wote. Wale vijana wawili wa Kimilili walicheka kwa nguvu kuliko wengine, labda kwa kuogopa zamu yao.

Nilikuwa na hasira, na haikuwa juu yake. Ilikuwa juu yako, kwa sababu ya kile cheti.

Alichukua kifurushi chake, akaniaga vizuri, akatoka. Stendi iko upande wa kulia wa lango langu. Alikwenda kushoto. Nilimwona. Ningemwita angesikia, lakini watu walikuwa wanatazama na mimi nilikuwa nimeshasema nililosema.

Kuna jingine. Siku ya kwanza aliposhuka kwenye pikapu alinipa mkono tukasalimiana. Nimelea watoto watano, Mwalimu. Mkono wa mtoto naujua hata nikiwa nimefumba macho. Nilimwuliza maswali yangu kwa sababu nilijua majibu yake yangenitosha. Mahindi yalikuwa yamekauka, mvua ilikuwa inatishia, na mtu hupatikana kwa shida. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mchungaji.

Ninaona aibu. Niambie nifanye nini.

Wahome Gathii

*

Chwele
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Kwa Mzee Gathii,

Ameonekana. Kuna mama mmoja anaitwa Chelagat anayewauzia chai wavunja mawe kwenye shimo la kokoto juu ya Cheptais. Alhamisi alikuja sokoni kwetu kununua sukari, akasikia Agneta akiuliza watu, akasema kuna kijana mgeni kule ambaye hanywi chai mpaka wakubwa wamemaliza. Mama yake akajua.

Jana nilipanda huko. Wanavunja mawe kwa nyundo, kila mtu na fungu lake, na mnyapara anapita na ufito wa kupimia urefu wa fungu. Hakuna anayeuliza mtu maswali mawili, wala moja. Wangila alinisalimu kwa adabu, akanipangusia jiwe nikae, akakataa kurudi. Hakunikasirikia. Alinieleza kama mtu anayemfafanulia mgeni. "Mwalimu, lile neno lilisemwa na mwanaume mbele ya wanaume. Nikirudi shule sasa, basi ni kweli." Nikamwambia halina maana. Alijua nasema uongo.

Mimi siwezi kuliondoa neno hilo, wala mama yake. Baba yake angeweza kusaidia lakini si yeye aliyelitamka. Umeniuliza ufanye nini. Nenda Cheptais, ulirudishe neno lako mahali penye watu.

Nimejaribu namba aliyonipa Mbogo tangu asubuhi. Umeizima, kwa sababu ni mavuno. Kwa hiyo barua hii itakufikia kesho jioni, na siku ya kwanza ya mtihani itakuwa imekwenda. Ukiondoka Jumanne alfajiri tutakuwa tumebakiwa na siku moja.

Nami nina langu. Alichoniandikia kilikuwa kweli. Nilimweka kiti cha nyuma, nikawakataza watoto wasimwite mtoto, nikadhani namheshimu. Alipokosea hesabu nikamcheka kwa uanaume wake. Wewe ulimkuta barabarani, Mzee. Mimi ndiye niliyemtoa darasani. Mpe hiyo karatasi nyingine iliyo ndani, ukishamaliza yako.

Phelista Nakhumicha

*

(ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Mpendwa Wangila,

Nilipokuja Jumamosi sikusema nililokuja kusema, kwa sababu watu walikuwa wengi na mimi ni mwoga kuliko unavyofikiri.

Nilikosea. Uliporudi Septemba nilikuwekea kiti peke yako, na nilipaswa kukuacha palepale ulipokuwa, kati ya Judy na dirisha. Ile hesabu ya robo tatu nilikuwa nimeifundisha wiki ambayo wewe ulikuwa ungali unauguza kidonda nyumbani. Haikuwa kosa lako kutoijua. Nililijua hilo wakati nacheka.

Hakuna anayekunyang'anya tohara yako. Ulisimama na hukutikisika, niliona. Lakini huhitaji kuacha kuwa na miaka kumi na miwili kwa sababu hiyo. Unaweza kuwa na vyote viwili. Mimi ndiye niliyepaswa kukuambia hivyo, na sikukuambia.

Jina lako bado liko kwenye orodha. Njoo hata kama imebaki siku moja.

Mwalimu wako,
Phelista

*

Chwele, nje ya shule
Jumatano, 30 Oktoba 2024
Saa moja asubuhi

Kwa Mwalimu Phelista,

Naandika haya nikiwa nimekaa kiti cha mbele cha pikapu ya Mbogo, niliyoikodi, na Wangila atakuletea mwenyewe. Ningeweza kuingia nikakueleza kwa mdomo, lakini una kazi, na mimi mdomo wangu umeshafanya ya kutosha mwaka huu.

Nilifika Cheptais jana saa nne. Nilimkuta kwenye fungu lake. Nikasimama katikati ya lile shimo, nikavua kofia, nikasema kwa sauti kwamba naitwa Wahome Gathii wa Kitale, kwamba nilimwita kijana huyu kihii mbele ya wafanyakazi wangu, kwamba nilisema uongo, na ninamwomba msamaha. Nyundo zilinyamaza. Mzee mmoja aliniuliza kama nimelewa. Wangila alisema, "Nimesikia, Mzee." Basi.

Nikampa karatasi yako. Akasema ataisoma, lakini fungu halijafika kipimo na mnyapara hamlipi wala hamwachilii mtu ambaye fungu lake halijafika. Nikaona ni kweli. Kwa hiyo yeye akakaa kusoma, mimi nikachukua nyundo. Mwalimu, nina miaka sabini na mbili na mgongo wa karani. Aliisoma polepole sana, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Kisha akaniangalia, akaanza kucheka. "Mzee, unashika kama kijiko." Akanionyesha. Tukamaliza fungu saa tisa, sisi wawili na Chelagat aliyetusaidia kidogo.

Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilipondwa na nyundo wiki iliyopita. Chelagat amekifunga. Mwenyewe anasema ataweza kuandika. Nimemwona akijaribu kwenye vumbi na kijiti. Anaweza, lakini anauma meno.

Jana alilala kwa mjomba wake Kimilili. Hakutaka mama yake amwone kabla hajaoga.

Wale vijana wawili wa Kimilili, ambao nao ni watoto wa shule, sikuwafukuza. Hilo nimejifunza. Nimewaandikia walimu wao na nangoja majibu, na wakati huo wanakula kwangu na hawashiki panga. Wafanyakazi wengine wananung'unika.

Nitangoja hapa nje mpaka amalize. Sina haraka. Mahindi yatanyeshewa, basi.

Wahome Gathii

*

Chwele
Alhamisi, 31 Oktoba 2024

Kwa Mzee Gathii,

Ulingoja mpaka kengele ya mwisho na bado uliondoka kabla sijakushukuru. Mbogo anasema ulitaka kuwahi mvua. Nakuandikia yaliyotokea ndani, kwa kuwa hukuyaona.

Wangila aliingia saa mbili kasoro dakika kumi. Msimamizi wa mtihani hakuwa wa shule yetu. Aliiona ile mikono na lile vumbi ambalo maji ya Kimilili hayakuweza kuliondoa, akadhani ni kibarua aliyetumwa kuleta maji ya kunywa. Akamwambia aweke mtungi nje. Nikamwambia huyo ni mwanafunzi wangu. Hakuniamini. Alisema siku mbili kiti hicho kilikuwa kitupu na sasa analetewa mtu mzima. Akamgeukia yeye mwenyewe.

"Wewe, kijana. Una miaka mingapi?"

Watoto thelathini na wanane waliacha kupanga kalamu zao, wakamtazama. Orodha ilikuwa mkononi mwangu, ningeweza kumjibia. Sikumjibia. Niliogopa sana.

"Kumi na miwili," akasema kwa sauti ndogo, ila waliokaa mbele kabisa walisikia. Hakuna aliyecheka. Judy akasogeza mguu wake apate kupita, naye akaenda kuketi karibu na dirisha.

Aliandika na kile kidole mpaka muda ukaisha, karatasi zote za siku hiyo. Damu ilichafua pembe moja, nikaeleza kwa maandishi na msimamizi akatia sahihi.

Watoto walipokwisha kutoka alibaki. Akaniuliza zile karatasi za Jumatatu na Jumanne atazifanya lini. Alidhani nimemwekea. Tangu Jumamosi nilikuwa nafikiria namna ya kumleta, na sikuwa nimefikiria hata mara moja namna ya kumjibu hilo. Nikamwambia hazirudiwi.

Akalia, Mzee. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, akiwa ameushika mkono wake mbaya kwa ule mzima. Nilikaa naye kwenye dawati lake mpaka akamaliza, kisha nikampeleka kwa mama yake, na Wangila akaingia jikoni.

Phelista Nakhumicha